Kaseti, ukumbi au uwanja: wimbo unaoupenda ukausikilize wapi?

Binti wa kaka yangu alinikuta kwenye cherehani Ijumaa moja jioni, hapa Tabora mjini, chini ya mwembe ninapofanyia kazi. Alikuwa na shilingi elfu ishirini mkononi na mambo matatu kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vipi, gauni limebana?"

"Gauni liko sawa. Nataka ushauri. Kesho kuna bendi ukumbini, inapiga zilipendwa. Wiki ijayo kuna tamasha uwanjani, wanakuja wasanii wa Bongo Fleva. Hela inatosha sehemu moja tu. Au niache zote, niongezee kidogo ninunue spika ya kusikilizia nyumbani?"

Nikazima redio, maana swali kama hilo halijibiwi mguu ukiwa kwenye pedali. Nikamwambia: "Niimbie wimbo unaokukaa kichwani siku hizi. Usiuimbe wote. Niimbie kile kipande kinachokurudia ukiwa unaosha vyombo."

Alicheka, kisha akafumba macho. Hakutamka neno hata moja. Alitoa gitaa kwa mdomo, lile la solo linalozunguka palepale, linapanda kidogo, linarudi, huku bega lake la kushoto likienda na besi bila yeye kujua.

"Nenda kwenye bendi," nikamwambia.

Sababu sikumpa siku ile, kulikuwa na wateja wanasubiri. Naziandika hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye hela ya sehemu moja na mapenzi ya sehemu tatu.

Wimbo mmoja, pande mbili

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na sebuleni kwetu kulikuwa na gramafoni. Santuri zilizokuwa zikichezwa zaidi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri hizo unabeba dakika tatu au nne, tano zikizidi sana. Wimbo wa dansi la Tanzania ulikuwa hautoshi humo, kwa hiyo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B. Kazi ya kugeuza santuri ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa na vidole vyembamba na sikuwahi kukwaruza hata moja. Nilikua nikiamini kwamba kila wimbo mzuri duniani una ukimya katikati, ukimya wa mtoto anayekimbia kutoka kwenye mkeka hadi kwenye gramafoni.

Baadaye, nilipoanza kusikiliza kwa akili ya mtu mzima, niligundua kwamba mara nyingi ukimya ule ulikaa karibu na mahali ambapo wimbo wenyewe hubadilika. Kabla yake kuna maneno: mwimbaji anasimulia taratibu, wenzake wanaitikia, magitaa yanamnyanyua na kumwacha apumue. Baada yake ni chemko. Mwendo unaharakishwa, maneno yanapungua hadi kubaki mwito na kiitikio kifupi, solo linatoka mbele, tumba linapigwa kwa nguvu, na kama bendi ina wapulizaji, tarumbeta na saksafoni zinajibizana juu ya vichwa vya wote. Wenzetu wa Kongo wanaiita sebene. Wanamuziki wetu waliita chemko, kama chungu kinapofikia kuchemka, na sijapata neno lililo bora zaidi.

Ushauri wangu wote unasimama hapo. Watu wakilinganisha kusikiliza nyumbani na kwenda onyeshoni huwa wanabishania aina ya muziki: dansi kwa ukumbi, Bongo Fleva kwa uwanja, taarabu kwa harusi. Mimi nasema chagua kwa wimbo, na ndani ya wimbo angalia ni upande upi uliokushika. Maneno yanataka sikio moja na utulivu. Chemko linataka watu.

Maneno: rekodi inashinda, na inashinda mbali

Nilicheza "Dada Asha" ya Tabora Jazz kabla sijaisikiliza. Nasema kweli: niliicheza ukumbini na kwenye harusi, nikauimba mdomoni uwongo na kweli, nikijaza sauti pale nisipolijua neno. Ukumbini sauti ya mwimbaji inapita kwenye kipaza sauti kimoja, inatoka kwenye spika ileile inayotoa magitaa, inagonga ukuta wa nyuma na bati juu, inarudi kwako ikiwa imechelewa na imechanganyika. Irabu unazipata. Konsonanti zinaliwa na drams. Nilikuja kuusikia wimbo ule neno kwa neno nikiwa peke yangu, usiku, nikishona sare za shule, kaseti ikizunguka. Niliacha kushona. Nilirudisha nyuma mara nne.

Ubora huo wa maneno una chanzo chake. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi nyingi zilipita kwenye studio yake. Bendi za mikoani zilisafiri mpaka huko kurekodi, na nyingine zilivuka hadi Nairobi kutoa santuri. Studioni bendi ilipiga kwa pamoja, chumba kimoja, kwa vipaza sauti vichache. Mwimbaji aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kwa hiyo waliingia wakiwa wamejua. Ukisikiliza rekodi za enzi hizo unasikia watu waliokaa karibu karibu, wanaotazamana, na mwimbaji anatamka kila herufi kwa sababu anajua wimbo huu utasikika Tabora, Mtwara na Musoma siku moja.

Kuna jambo jingine linalomaliza ubishi kabisa kwa baadhi ya nyimbo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alituacha mwaka 1995, Remmy Ongala mwaka 2010. Mwaka 2014 tuliwazika wawili, Muhiddin Gurumo na Shem Karenga. Kama unachokipenda katika "Georgina" ni ile sauti nzito ya Marijani inayoshuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani kwa uangalifu, hakuna ukumbi utakaokupa. Bendi zinazokopi zipo, na waimbaji wazuri wapo, nami huwapigia makofi kwa moyo wangu wote. Lakini sauti ya mtu haikopiwi. Baki nyumbani na rekodi, funga mlango, mpe huyo marehemu dakika zake nane bila kumkatiza.

Hapo ndipo nataka kusema jambo kuhusu simu, kwa sababu vijana wengi wanadhani wanaposikiliza kwa simu wameusikia wimbo. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa mtetemo wa karibu mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, hakiwezi kusukuma hewa kiasi hicho. Kinakupa sehemu ya juu ya sauti tu, na ubongo wako unabuni iliyobaki. Katika dansi letu besi ndiyo inayotembea. Magitaa mengine yanaongea, besi inatembea. Usikilize wimbo uleule kwa simu, kisha kwa redio yenye spika ya inchi sita hivi, hata iwe kuukuu. Utasikia kama kuna mtu mwingine ameingia chumbani. Kwa hiyo kama umeamua kubaki nyumbani, elfu ishirini yako isiende kwenye kile kispika kidogo cha kuning'iniza chenye taa za rangi. Iende kwa fundi redio, akutafutie spika ya zamani yenye kasha la mbao.

Kuhusu kaseti zenyewe, kama unazo za kurithi: za dakika 60 zina utepe mnene kuliko za 90, na ndizo zilizodumu. Nilizonazo za 90 nyingi zimevutika, mwimbaji anayumba. Zihamishie kwenye kompyuta mapema.

Chemko: hapa ukumbi hauna mpinzani

Mara ya kwanza kuingia kwenye dansi ilikuwa Jumapili mchana mwaka 1979, lile dansi la vijana la mchana tuliloliita bugi. Kaka yangu, baba wa huyo binti, ndiye aliyenichukua, kwa sharti kwamba turudi kabla jua halijazama. Ukumbi ulikuwa na madirisha ya mbao yaliyofunguliwa yote, na joto la Oktoba la Tabora, ambalo kila anayelijua analijua, lilikuwa limekaa ndani kama mgeni asiyeaga.

Wimbo wa kwanza niliujua kutoka kwenye redio. Niliujua hadi mwisho wake, au nilidhani hivyo. Kwenye redio ulikuwa unafifia: chemko limeanza, solo limeshika, na sauti inapungua, inapungua, basi, anaingia mtangazaji. Kule ukumbini nilisubiri kufifia huko na hakukuja. Mpiga solo alifika mahali ambapo rekodi huishia na akaendelea kana kwamba hapo palikuwa mlango tu. Alizungusha kipande kilekile mara nane, kisha akabadilisha noti moja. Noti moja! Na ukumbi mzima ukapiga ukelele. Mpiga tumba alimwona mama mmoja mnene mwenye kanga kiunoni akicheza mbele, akaanza kupiga kufuata nyonga zake, mama naye akajua, akapunguza, tumba likapunguza, akasimama ghafla, tumba likakatika. Sekunde moja ya kimya. Halafu wote wakarudi pamoja, na nikahisi besi kwenye mfupa wa kifua kabla ya kuisikia masikioni.

Wimbo ule ulichukua kama robo saa. Nilipotoka nje, nilimwambia kaka kwamba redio inatudanganya. Alinijibu kwamba redio haidanganyi, ina haraka.

Chemko haliwezi kurekodiwa lote kwa sababu nusu yake haimo kwenye ala. Imo kwa wachezaji. Mpiga solo anasoma miguu ya watu na kuamua aendelee au afunge. Anayekwenda mbele kumtuza mwimbaji, akambandika noti kwenye paji la uso, anaongeza dakika mbili za wimbo. Hata ule ugomvi mzuri wa mitindo uliishi ukumbini: Western Jazz na Saboso yao, Dar es Salaam Jazz na Mundo, Mlimani Park na Sikinde, na sisi hapa Tabora Jazz na Segere Matata. Ukisikia tu majina hayo redioni unadhani ni mapambo. Ni namna ya kucheza, na namna ya kucheza hujifunzi kwa masikio. Segere Matata nilifundishwa na mke wa jirani, jikoni, kwa kusukumwa begani kila nilipokosea.

Siwezi kuficha kwamba ukumbi una adha zake, na adha hizo ndizo zinazowarudisha watu nyumbani. Tangazo linasema saa mbili usiku, bendi inapanda saa nne. Wanaanza na ala tupu, kisha nyimbo mpya zisizojulikana, zilipendwa zinakuja baada ya saa tano. Kwa hiyo kama huna wa kukurudisha usiku, fikiri mara mbili. Kwa wasichana hili nalisema kwa msisitizo. Kisha kuna fundi mitambo. Niliwahi kulipa kiingilio kizima kwenye ukumbi mmoja kusikiliza bendi niliyoipenda, na usiku kucha nilisikia drams na mluzi wa vipaza sauti tu. Magitaa matatu yalikuwa yanacheza mdomo kama samaki. Tangu siku hiyo nina desturi: napita ukumbini jioni, wanapofunga vyombo na kujaribu sauti. Ukisikia solo na rizimu ukiwa umesimama mlangoni, na unaweza kuzitenga moja na nyingine, kalipe. Ukisikia ngurumo moja iliyoshikana, kalale.

Simama upande wa besi, katikati ya ukumbi kwa urefu, usijibanze ukutani. Usisimame mbele ya spika hata kama ndipo penye nafasi, kwa sababu nafasi hiyo ipo kwa sababu yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100. Kumbi zetu hazina mtu wa kupima, kwa hiyo kipimo ni masikio yako. Yakilia ukifika nyumbani, ulisimama vibaya. Pamba kidogo sikioni haiharibu dansi.

Uwanja: unalipia watu

Tamasha la uwanjani ni kitu cha tatu, na wanaokosea ni wale wanaolipima kwa kipimo cha ukumbi.

Kwanza wimbo wenyewe. Bongo Fleva nyingi ina dakika tatu na nusu, kiitikio kinarudi mara tatu, chemko halimo. Imetengenezwa kwa kompyuta, safu juu ya safu, sauti ya msanii imerudiwa juu ya sauti yake mwenyewe. Haikutengenezwa ichezwe na watu sita jukwaani, kwa hiyo mara nyingi jukwaani anaiweka rekodi na kuimba juu yake, au kushika kipaza sauti tu na kuruka. Siwalaumu wote. Wapo wanaosafiri na bendi kamili, na ukiwapata hao, wakifungua wimbo wao na kuupa gitaa la kweli, utashangaa wimbo uliouona mwepesi una mifupa. Ulizia kabla hujalipa: anakuja na bendi, au anakuja na fleshi? Neno hilo moja litakusaidia kuliko bango lenye picha.

Pili, uwanja wenyewe. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani, mkono wa mpiga drams unaouona umeshashuka karibu theluthi ya sekunde kabla hujaisikia. Wa mbele wanapiga makofi, yanakufikia yamechelewa, nawe unapiga kwa kuchelewa kwako, na nyuma yako wengine. Umati mkubwa unaenda kama wimbi. Upepo ukigeuka, sauti inachukuliwa kabisa. Niliwahi kukaa kwenye tamasha moja, sitasema lipi, mvua ikaanza, jenereta ikakata, wakaleta msanii mkubwa kwa dakika kumi saa nane usiku, na tukaambiwa asanteni. Nililipia kusimama kwenye tope.

Hata hivyo siwezi kumwambia mtu asiende uwanjani, na sababu ni Kigoma.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akiwemo Diamond Platnumz, Mwasiti, Ommy Dimpoz, Linex, Peter Msechu na wengine, walikusanyika wakaimba "Leka Dutigite", maneno ya Kiha yenye maana ya acha tujidai, kwa hamasa ya Zitto Kabwe. Shemeji yangu anaishi Mwanga, hapo Kigoma mjini, nami nina uhusiano wa miaka mingi na treni ya Kigoma, kwa hiyo wimbo ule niliufuata hukohuko. Nilikuwa nimeusikia redioni na nikaona ni wimbo mzuri wa kutangaza mkoa, basi. Kisha nikawa mahali penye watu wa Kigoma, kijana wa Ujiji kushoto kwangu, mama wa Kasulu kulia kwangu, na kiitikio kikafika. Mama yule hakuimba, alilia. Aliniambia, "Dada, nimesoma shule ya bweni miaka minne, nilikuwa naona haya kusema Kiha mbele za watu. Leo Kiha kiko kwenye spika." Sauti ilikuwa mbali, upepo wa ziwani ulikuwa unakuja na kwenda, msanii gani alikuwa anaimba wakati ule sikumbuki. Ninachokumbuka ni mkono wa mama yule kwenye bega langu.

Hicho ndicho kinachouzwa uwanjani. Kama kipande kinachokurudia ni kiitikio, na ukikiimba unajikuta unangoja mtu akujibu, usikae nyumbani na wala usiende ukumbini. Nenda uwanjani, uende na watu wako, na usimame katikati yao, hata kama jukwaa hulioni vizuri.

Tabora au Kigoma?

Kwa wanaoweza kuchagua na mahali. Miji hii miwili ni ndugu wa reli moja. Reli hiyo iliingia Tabora mwaka 1912 na kufika Kigoma mwaka 1914, na muziki ulipanda humo na mizigo. Shem Karenga mwenyewe ni mwana wa Kigoma aliyepata jina lake akiwa na Tabora Jazz. Ila masikio yamelelewa tofauti.

Tabora ni mji wa bendi kwa asili yake. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa ikisikika kabla ya uhuru, ikafuatia Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la Unyanyembe. Wazee waliocheza dansi hizo bado wamo mitaani, Ng'ambo, Isevya, Gongoni, na ukiwakuta kwenye ukumbi usiku wa zilipendwa, usishindane nao. Kaa pembeni utazame miguu. Mzee wa Tabora hachezi kwa kasi. Anabaki nyuma ya mdundo kidogo, mabega yametulia, na kila chemko linapobadilika yeye alishabadilika.

Kigoma ina ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna Kongo. Kule sebene si kitu cha kuagiza, linavuka na mitumbwi pamoja na vitenge. Mpiga solo wa Kigoma ana noti nyingi kuliko wa kwetu, anapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa na kukaa hukohuko, na wachezaji hawachoki. Nikitaka chemko refu, napanda treni. Nikitaka mwanzo wa wimbo uimbwe kwa heshima, maneno yatamkwe, wapulizaji wasubiri zamu yao, nabaki Tabora. Ni mapenzi yangu tu, na shemeji yangu wa Mwanga hakubaliani nami hata kidogo.

Na kwa asiye na kiingilio kabisa, miji yote miwili ina muziki wa jukwaani wa bure kila Jumapili asubuhi. Tabora ina Wakatoliki wenye jimbo kuu na Wamoravian wenye historia ndefu, na kwaya zao zinafanya mazoezi katikati ya wiki, jioni, madirisha wazi. Mimi ni Mwislamu, na kuna siku nimefunga cherehani mapema nikasimama nje ya uzio kusikiliza sauti ya nne inavyotandikwa chini ya zile tatu. Hakuna kipaza sauti, hakuna fundi mitambo wa kuharibu. Kama unapenda sauti za watu kuliko ala, hapo ndipo pako, na elfu ishirini yako inabaki mfukoni.

Tukirudi kwa binti

Alikwenda kwenye bendi Jumamosi ile. Nilimwambia avae viatu vya chini, asifike kabla ya saa nne, asimame upande wa besi, na arudi na binamu zake. Alitaka niende naye; magoti yangu yalikataa, nami nilikataa kwa shida sana.

Jumapili alasiri alikuja, sauti imemkauka. Hakunisalimia vizuri hata. Alikaa kwenye kile kigoda cha wateja akanieleza mpiga solo, noti kwa noti, kwa mdomo na kwa vidole, namna alivyokaa kwenye kipande kimoja mpaka watu wakaanza kumsihi abadilishe, na alipobadilisha. Alinieleza kuhusu mzee mmoja mwenye kofia ya pama aliyemshika mkono na kumwonyesha mahali pa kuweka mguu. Nilijua ni Segere Matata kabla hajamaliza.

"Na ile ya mwisho," akasema, "ile ya Dada Asha. Shangazi, mwanzo kabisa, kabla hawajachangamka, yule mwimbaji alikuwa anasema nini? Watu wote walikuwa wanaimba na mimi nilikuwa nafungua mdomo tu."

Nikafungua droo ya cherehani, nikasukuma pembeni bobini na vifungo, nikatoa kaseti ya dakika 60. Nikamwambia avute kigoda karibu, kisha nikaondoa mguu kwenye pedali.